Joto na hewa ndani ya ndege ndogo: Yampasayo rubani na abiria kuyajua

ABIRIA aliyezoea ndege kubwa, ambamo hewa baridi humwagika kutoka juu ya kiti, hupata mshangao wa aina yake siku anapopanda ndege ndogo ya injini moja. Aghalabu humo hamna kiyoyozi. Viti vimechomwa na jua tangu asubuhi, chuma cha mkanda kinaunguza kiganja, na hewa iliyomo ni ile iliyofungiwa humo tangu ndege ilipoegeshwa.

Humu nchini ndege za aina hii hazikwepeki. Kutoka uwanja wa Wilson jijini Nairobi, ndizo zinazowapeleka madaktari, watalii, wanasiasa, wanahabari na wafanyakazi wa mashirika ya misaada katika viwanja vya vumbi vya Turkana, Wajir, Lamu na Maasai Mara. Abiria wengi huichukulia hari iliyomo kuwa adha ya safari, jambo la kujifutia jasho na kunyamaza.

Kunyamaza huko kuna hatari. Dalili za mtu aliyelemewa na joto, za mtu aliyepungukiwa na oksijeni kwa kuwa juu mno, na za mtu anayevuta gesi ya sumu kutoka kwenye injini hufanana mno: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na akili kuwa nzito. Rubani anayejiambia kuwa “ni joto tu” huenda amekosea, na kosa hilo halimpi muda mrefu wa kujirekebisha.

Mimi mwenyewe nilifunzwa somo hilo zaidi ya miaka 25 iliyopita, nikiwa mwanahabari mchanga. Tulikuwa tumesimama katika kiwanja kimoja cha kaskazini tukingoja ndege nyingine itue. Milango yetu ilikuwa wazi ili tupate hewa, injini ikinguruma, nao upepo ukivuma kutoka nyuma yetu. Haukupita muda kichwa kikaanza kunigonga, nikalilaumu jua. Rubani, mzee wa maneno machache, aliigeuza ndege ikautazama upepo, kisha akaniambia kwamba nililokuwa nikilivuta halikuwa joto bali moshi wa injini.

Joto latoka wapi?

Ndege ndogo ya abiria wanne, mathalani Cessna 172, haina nafasi kubwa kuliko gari dogo la saluni, lakini ina vioo pande zote. Miali ya jua hupenya vioo hivyo, ikavipasha moto viti na dashibodi, na joto hilo likakosa njia ya kutokea. Gari lililoegeshwa juani na kufungwa madirisha huweza kuzidi joto la nje kwa nyuzi 20 za Selsiasi kwa muda wa saa moja tu. Ndege haina nafuu juu ya hilo, hasa ikiwa imeegeshwa kwenye lami pasipo mti wala banda.

Injini ikishawashwa, joto lake hupita katika ukuta wa chuma ulio mbele ya miguu ya rubani. Hata watu waliomo ni jiko: mtu mzima aliyeketi hutoa joto linalokaribia lile la balbu ya wati 100, pamoja na mvuke wa pumzi na jasho. Wakiwa wanne wamebanana, si ajabu vioo vikaingia ukungu.

Angani mambo hubadilika. Kwa wastani hewa hupoa kwa takriban nyuzi 2 kila ndege inapopanda futi 1,000. Siku ambayo Mombasa ina nyuzi 32, rubani aliyefika futi 8,000 atakuta hewa ya nje ni kama nyuzi 16, baridi ya asubuhi ya Nairobi. Tatizo basi ni dakika zile za kuwasha injini, za kutembea ardhini na za kupanda, ambazo ndizo zinazohitaji akili timamu kuliko zote.

Isitoshe, joto lenyewe hurefusha dakika hizo. Hewa yenye joto huwa nyepesi, bawa likakosa cha kushika na injini ikapungukiwa na nguvu. Uwanja wa Wilson uko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa kipimo cha kawaida cha marubani, hewa ya kimo hicho hutarajiwa kuwa na nyuzi 4. Mchana wa nyuzi 25, hesabu yao huonyesha kwamba ndege itajiona kana kwamba inaruka kutoka uwanja ulio karibu futi 8,000. Itakimbia mbali zaidi kabla ya kupaa, nayo itapanda polepole. Ndiyo maana marubani wazoefu hupenda kuondoka alfajiri. Wakati huo abiria hawateseki, ndege hupanda vyema, na mawimbi ya hewa moto ambayo huirusharusha ndege juu ya Bonde la Ufa adhuhuri bado hayajaamka.

Waliotangulia hawakuwa na kero hii. Florence Kerr Wilson, ambaye uwanja wa Wilson unaitwa kwa jina lake, alianzisha kampuni yake ya ndege mnamo 1929, enzi ambapo ndege nyingi ndogo hazikuwa na paa juu ya rubani. Mtu alivaa miwani mikubwa na kofia ya ngozi, akapigwa na upepo hadi mwisho wa safari. Paa lilipokuja lilileta starehe, na pamoja nayo likaleta haja ya kuijua njia ya hewa.

Kabla ya kuruka

Jambo la kwanza ni kuifungua ndege mapema. Milango yote, madirisha yote na mlango wa mizigo viachwe wazi wakati rubani anapoikagua ndege kwa nje, ili hewa iliyochemka itoke. Abiria wasiingizwe mpaka kila kitu kiwe tayari. Nimeona mara nyingi watu wakipangwa ndani kama dagaa kisha rubani akaenda kutafuta karatasi za mafuta. Huko ni kuwachemsha bure, hasa ikiwa kuna mtoto mchanga, mzee au mama mjamzito. Mwili wa mtoto hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima.

Injini ikiwaka, rafadha husukuma upepo mwingi kurudi nyuma. Katika Cessna zenye bawa juu, marubani wengi hufungua madirisha ya pembeni, na wengine huushikilia mlango ukiwa wazi kidogo wanapotembea polepole ardhini. Hapo ndipo pa kuangalia upepo wa nje unatoka wapi. Bomba la moshi la ndege hizi liko chini ya pua, mbele ya milango. Ndege ikisimama na kuupa upepo mgongo, moshi hurudishwa na kuzungukazunguka mlangoni. Ikilazimu kusubiri, pua ielekezwe kwenye upepo. Kufanya hivyo huipoza injini pia.

Katika familia ya Piper PA-28, mlango ni mmoja tu, upande wa kulia juu ya bawa. Rubani huingia kwanza, abiria wa mbele huingia mwisho, na mlango huo ndio tundu kubwa la hewa. Rubani ana kidirisha kidogo upande wake wa kushoto, kisichotosha kuingiza zaidi ya mkono. Kwa hiyo mlango huachwa wazi hadi dakika ya mwisho, na mara mojamoja husahauliwa kufungwa sawasawa, kwa kuwa una komeo mbili, moja ubavuni na nyingine juu.

Mlango ukifunguka baada ya kuruka, kelele na upepo hutisha kuliko madhara yenyewe. Kwa kawaida ndege ya aina hii huendelea kuruka, na upepo huuzuia mlango usifunguke sana. Ajali hutokea rubani anapoiacha ndege akaanza kupigana na mlango. Aendeshe ndege kwanza, azunguke, atue, kisha aufunge. Naye abiria asiuguse bila kuambiwa.

Njia ya kuingia na njia ya kutoka

Ukiwa angani, hewa safi huingia kwa matundu yaliyoelekezwa mbele. Katika Cessna nyingi yamo kwenye ukingo wa bawa, nayo hutokea pembeni juu ya kioo cha mbele. Miundo ya zamani ina vibomba ambavyo mtu huvivuta na kuvielekeza usoni, na miundo ya baadaye ina vifuniko vya mviringo vinavyozungushwa. Tena kuna vishikio viwili vya kuvuta kwenye dashibodi: kimoja huleta hewa baridi, kingine huleta hewa moto. Kila abiria anayeketi mbele angefaa kuonyeshwa vyote viwili kabla ya safari. (Vibomba hivyo vya zamani vina kasoro yao: mvua ikinyesha, humnyunyizia mtu maji kifuani, na rubani hucheka.)

Wasichokijua wengi ni kwamba hewa haiingii mahali ambapo haina pa kutokea. Chumba kilichozibwa nyuma hujaa, kisha hewa mpya ikakataa kuingia hata tundu likiwa wazi kabisa. Watengenezaji huweka matundu ya kutolea hewa upande wa nyuma. Mizigo iliyosukumwa ovyo ikiyaziba, abiria wa nyuma hupata shida hata kama wa mbele wanapepewa vizuri.

Na dirisha je? Cessna 172 za miaka ya karibuni huruhusu dirisha kufunguliwa ndege ikiwa katika mwendo wa hadi takriban kilomita 300 kwa saa, yaani karibu wakati wowote. Hata hivyo dirisha la ubavuni halileti hewa kwa namna tunavyodhani. Upepo upitao kasi kando ya ndege hufyonza hewa kutoka ndani. Kama matundu ya mbele yamefungwa, hewa inayofyonzwa itafidiwa na ile inayopenya popote penye mwanya, pamoja na vitundu vya nyaya na vyuma katika ukuta unaotenganisha injini na rubani. Kwa maneno mengine, dirisha lililofunguliwa peke yake laweza kuvuta hewa ya injini ndani. Anayetaka kupoa afungue matundu ya mbele kwanza. Dirisha lifuate, ikiwa kitabu cha ndege hiyo kinaruhusu.

Gesi isiyo na harufu

Hapa ndipo penye uzito wa mada hii. Hewa moto ya ndege nyingi za injini ya petroli hupatikana kwa njia rahisi: hewa ya nje hupitishwa katika gamba lililofunika sailensa ya injini, ikapata joto, ikaelekezwa miguuni mwa rubani na kwenye kioo. Sailensa ikipata ufa, hata mwembamba kama unywele, moshi huchanganyika na hewa hiyo. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Harufu ya moshi ni onyo. Kukosekana kwa harufu hakuthibitishi usalama.

Gesi hii hushikana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Anayeivuta kidogokidogo hujaza damu yake mzigo usio na faida, na ubongo ndio unaoanza kudhoofika. Jambo la kuogofya ni kwamba chombo kinachopaswa kuitambua hatari ndicho kile kile kinacholemazwa.

Mnamo Januari 21, 2019, mwanakandanda Emiliano Sala kutoka Argentina alisafiri kwa ndege ndogo aina ya Piper Malibu kutoka Nantes, Ufaransa, kuelekea Cardiff. Ndege hiyo ilianguka baharini karibu na kisiwa cha Guernsey, akafa yeye na rubani. Vipimo vilionyesha kwamba asilimia 58 ya himoglobini katika damu yake ilikuwa imetekwa na kaboni monoksidi. Ripoti ya wachunguzi wa Uingereza iliyotolewa Machi 2020 ilisema yaelekea rubani naye alikuwa ameathiriwa na gesi hiyo.

Nchini Marekani, bodi ya usalama wa uchukuzi ilihesabu ajali 31 zilizosababishwa na sumu hii kati ya 1982 na 2020, ambapo watu 42 walifariki. Bodi hiyo ilipendekeza mwaka wa 2004 kwamba vifaa vya kutambua gesi hiyo viwe lazima katika ndege za aina hii, ikarudia pendekezo hilo mwaka wa 2022. Kurudia ombi baada ya miaka 18 kwaeleza mengi kuhusu mwendo wa sheria.

Msomaji atauliza: nani atawasha hewa moto nchini Kenya? Jibu ni kwamba Nairobi, Nanyuki na Eldoret mwezi wa Julai si mahali pa mzaha, na rubani anayeruka futi 9,000 alfajiri huhitaji kuipasha moto miguu yake na kuondoa ukungu kiooni. Akivuka Bonde la Ufa na kushuka Lodwar, uwanja usiofika futi 2,000, atatoka baridini na kuingia katika nyuzi 35 kwa muda usiozidi nusu saa. Kichwa kikimuuma wakati huo, atalaumu nini? Ataona jua mbele yake, hataiona gesi.

Kanuni ya kazi ni hii: kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu kikimpata yeyote ndani ya ndege, na hasa kikiwapata wawili kwa pamoja, ichukuliwe kuwa ni gesi mpaka ithibitike kuwa sivyo. Funga hewa moto. Fungua matundu yote ya hewa safi. Tumia oksijeni kama imo. Tua katika kiwanja cha karibu zaidi na umweleze anayeongoza ndege shida yako. Ukishatua, usidhani kwamba kikombe cha maji na kivuli vitatosha. Kwa hewa ya kawaida mwili huhitaji saa 4 hadi 6 kuondoa nusu tu ya gesi hiyo, hivyo rubani hana ruhusa ya kujipumzisha dakika 20 na kuendelea na safari.

Vifaa vya kutambua gesi ni vya aina mbili. Kuna kadi ndogo yenye duara ambalo hugeuka rangi kuwa jeusi. Ni rahisi kununua, lakini nguvu yake huisha baada ya miezi michache, na kadi iliyobandikwa miaka mitatu iliyopita ni pambo. Tena haipigi kelele. Sharti mtu aitazame. Kifaa cha betri chenye king'ora kinafaa zaidi, kwani humwamsha rubani ambaye tayari ameanza kusinzia. Sailensa nayo ikaguliwe na fundi kila ndege inapoingia karakana.

Mwili wa rubani

Rubani anapotokwa na jasho katika sehemu kame, hewa kavu hulikausha upesi hata asijue amepoteza maji kiasi gani. Upungufu wa maji unaofikia asilimia 2 ya uzito wa mwili unatosha kumfanya apoteze umakini. Marubani wengi hawanywi maji kwa sababu isiyosemwa hadharani: ndege hizi hazina choo, na safari ya saa tatu ni ndefu kwa mwenye kibofu kilichojaa. Matokeo yake ni kwamba wanatua wakiwa wamekauka. Bora maji yanywewe kidogokidogo tangu usiku uliotangulia, na safari ipangwe kwa vituo. Mkojo wenye rangi ya chai ni dalili kwamba mtu amechelewa.

Nguo ziwe za pamba, nyepesi, zenye mikono mirefu. Nailoni hubana jasho, na ikitokea ajali ya moto huyeyuka na kugandamana na ngozi. Abiria anayechafukwa na roho apewe hewa baridi usoni na aambiwe atazame upeo wa macho mbali; asome gazeti wakati mwingine, hata kama ni hili letu. Akiacha kutoa jasho huku ngozi ikiwa moto na maneno yake yakipotea, huo ni ugonjwa wa joto uliofika pabaya: apozwe kwa maji na afikishwe hospitalini bila kuchelewa.

Kupanda juu zaidi kutafuta ubaridi kuna mpaka wake. Kupita futi 10,000, oksijeni hupungua kiasi cha kudhoofisha uamuzi, na mvutaji sigara huanza kuathirika kabla ya hapo, kwa kuwa damu yake tayari imebeba kaboni monoksidi ya tumbaku.

Barafu na viyoyozi

Baadhi ya ndege kubwa kidogo, kama Cessna Caravan, huweza kuagizwa zikiwa na kiyoyozi. Katika ndege ndogo zaidi, chombo hicho huongeza makumi ya kilo na kuinyang'anya injini nguvu wakati inapozihitaji, hata miundo kadhaa hukizima chenyewe injini inapotumiwa kwa nguvu zote. Kwa mwenye ndege aruakaye kutoka Wilson adhuhuri, kilo hizo zina bei.

Wapo wanaotumia sanduku la barafu lenye feni ya umeme mdogo. Husaidia kwa muda wa kupanda, alimradi sanduku limefungwa imara lisije likamrukia mtu kisogoni na lihesabiwe katika uzito. Ila barafu iwe ya maji. Barafu kavu, ambayo huletwa pamoja na chanjo na sampuli za maabara, ni kaboni dayoksaidi iliyogandishwa. Ikivukiza katika chumba kidogo huifukuza hewa ya kupumua. Mzigo wa namna hiyo lazima rubani aelezwe kabla haujapakiwa.

Ndege ikiegeshwa, kinga bora ni kivuli, na kisipopatikana, turubai jeupe juu ya vioo kwa nje. Pazia la kung'aa linalobandikwa kwa ndani husaidia pia, ingawa likigusana na plastiki ya kioo laweza kuiharibu kwa joto linalorudishwa. Matundu ya hewa yazibwe kwa vizibo vyenye utepe mwekundu. Nyigu wa udongo hupenda vibomba vyembamba, na siku mbili zinawatosha kujenga nyumba ndani ya tundu la hewa au la kipimo cha mwendo. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kuvuta kishikio chochote, rubani hutoa vizibo, akavihesabu, kisha akachungulia tundu moja baada ya jingine kwa tochi.